Saa Nne, Kitanda cha Saba

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya makopo mawili makubwa ya rangi, mkabala na geti la hospitali, ubavuni mwa karakana ya baiskeli. Wenyeji wake ni wachache na wanajulikana. Yupo Spana, fundi wa baiskeli, anayeamini kwamba kila tatizo duniani ni nati iliyolegea. Yupo Hakimu, tarishi mstaafu wa mahakama, aliyebeba mafaili kwapani miaka thelathini mpaka hukumu zikamwingia mwilini. Yupo Shangazi, mwenye birika la kahawa, ambaye ni shangazi wa kweli wa mtu mmoja tu, lakini mtaa mzima umemrithi. Wa nne ni Gia, dereva wa lori aliyestaafu, na juma hilo nafasi yake ilikuwa wazi. Moyo ulikuwa umemchokea, miguu ikamvimba kama magogo, akalazwa ng'ambo ya barabara, wodi ya wanaume, kitanda cha saba. Basi kwa kuwa Gia hakuwepo kujitetea, maneno yote ya kijiweni yalikuwa yake.

Saa tisa alasiri binti wa kaka yake Shangazi alitoka getini. Alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili, na sare yake nyeupe ilikuwa imekunjamana mgongoni kama karatasi iliyotupwa ikaokotwa. Kwapani alishika faili. Ndani ya faili mlikuwa na mpango wa huduma alioandika kwa ajili ya kitanda cha saba, ukurasa mmoja na nusu, mwandiko wa kupendeza. Chini yake mkufunzi alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: *Mpango huu ni wa kitanda. Mgonjwa yuko wapi? Urudishe kesho asubuhi.*

Hilo lilikuwa jambo moja. La pili lilikuwa zito zaidi. Asubuhi hiyo, saa nne na dakika zake, alimkuta Gia mguu mmoja umekwisha kuvuka kizuizi cha ubavuni mwa kitanda, wa pili unaning'inia, mwili wote umeegemea hewa. Alimdaka kwapani, wakaporomoka pamoja polepole mpaka mzee akakaa godoroni. Hakuna aliyeumia, na aliyeona ni mgonjwa wa kitanda cha nane peke yake. Angeweza kunyamaza. Hakunyamaza, alichukua fomu akaandika taarifa ya tukio, na kwenye mstari wa mwisho akaandika kwamba vizuizi vile aliviinua yeye. Mtu anayeanguka akivuka kizuizi huanguka kutoka juu zaidi kuliko anayeteleza kitandani.

— Nesi wetu huyo! alisema Spana, akipangusa ubao kwa kitambaa chenye grisi. Keti. Mgonjwa wetu vipi?

— Shikamooni. Saa ya kuona wagonjwa ni saa kumi. Mtamwona wenyewe.

— Marahaba. Tumeshamwona jana, alisema Hakimu. Na ya leo tunayo. Kitanda cha nane ametoa ushahidi kupitia dirishani. Gia karuka ukuta.

— Hakuruka! alisema binti, kisha akajiuma ulimi. Mzee Hakimu, siruhusiwi kuzungumza habari za mgonjwa hapa.

— Nani kakwambia uzungumze? Wewe kunywa kahawa. Kuzungumza tutazungumza sisi.

Shangazi akammiminia kikombe. Binti akakishika kwa mikono miwili, akanyamaza kama alivyoagizwa.

— Tatizo ni kitanda, alianza Spana. Kile kitanda kina magurudumu manne. Mtu kaendesha lori miaka arobaini, mnamlaza chali juu ya magurudumu manne, usukani haupo, vioo vya pembeni hakuna. Atatulia vipi? Mguu wake unatafuta breki!

— Breki zimefungwa, alisema binti bila kutaka. Tunazikagua kila zamu.

— Zimefungwa, lakini yeye hajui kama zimefungwa. Ndiyo maana wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Hiyo inaingiaje hapo? Shangazi aliuliza.

— Imeingia kwa mlango wa nyuma. Endelea kumimina.

Hakimu alikohoa kikohozi cha mahakamani.

— Sikilizeni mtu aliyeona kesi. Gia kafungwa utepe mkononi. Utepe una jina na namba. Kila akiletewa dawa, anaulizwa: jina lako kamili nani? Asubuhi anaulizwa, mchana anaulizwa. Nesi huyu huyu, ambaye Gia alikuwa akimpakia kwenye lori kabla hajaota meno ya mbele, naye anamsimamia kichwani: Babu, jina lako kamili? Kule kwetu, mtu aliyeulizwa jina mara tatu kwa siku alikuwa mshitakiwa. Gia anajua yuko rumande. Anatoroka!

— Tunauliza ili dawa ya huyu isiende kwa yule, alisema binti. Hata angekuwa baba yangu mzazi ningemuuliza.

— Chanda chema huvikwa pete, Hakimu alihukumu. Kibaya hufungwa utepe.

— Wanaume nyinyi, alisema Shangazi, mtu akinyoosha mguu mnaona breki na rumande. Mguu wa mwanamume haunyooki bure. Juzi kaniagiza kitana. Kitana! Na mafuta ya nywele. Nywele zenyewe zilihama zamani, zimebaki mbili zinalinda kiwanja. Sasa mwisho wa ile korido kuna nini?

— Stoo, alisema binti.

— Baada ya stoo?

— Wodi ya wanawake.

— Nimemaliza.

Spana alicheka mpaka akaangusha bisibisi. Alipoinuka, uso ulikuwa umebadilika, kama mtu aliyeokota na wazo huko chini.

— Ngojeni. Kitanda cha nane anasema si leo tu. Jana saa nne, juzi saa nne. Kila siku saa nne asubuhi anahangaika. Nani anajua saa nne kuna nini? Mimi najua, karakana yangu inatazama geti. Saa nne dereva wa ambulensi anakwenda kunywa chai. Ufunguo anauacha ndani. Jamani, Gia anataka kuiba ambulensi!

— Aende nayo wapi?

— Dereva haulizwi anakwenda wapi. Anaulizwa mafuta yanatosha?

— Mmekaribia lakini hamjafika, alisema Hakimu, akishusha sauti na kutazama kulia na kushoto. Yule si mgonjwa. Ni mkaguzi. Kuna wakubwa wamemtuma apime manesi. Anatoa mguu kusudi, aone nani atakuja mbio, na atachukua dakika ngapi. Jioni anaandika ripoti.

— Na miguu iliyovimba?

— Kajivimbisha.

— Kwa sababu gani?

— Mchumia juani, hulia kivulini, alisema Hakimu, na kwa namna alivyokunja mikono ilionekana kesi imefungwa.

Baada ya ugonjwa kupatikana, ikabaki tiba. Hakimu alishauri afungwe kiunoni kwa shuka, fundo la kitarishi, halifunguki mpaka uwe na kibali. Binti akasema hapana, mgonjwa hafungwi kama mzigo. Shangazi alishauri watandike magodoro sakafuni, aanguke apendavyo. Spana ndiye aliyekuwa na mpango kamili.

— Vile vyuma vya pembeni ni vifupi. Nileteeni nivichomelee, niongeze kama hivi. Alipima kwa mkono mpaka kifuani. Hapo hata awe na miguu ya twiga, havuki. Tatizo limekwisha.

Binti alihisi masikio yakimchoma. Alifungua faili kidogo, akachungulia. *Hatua ya kwanza: kuinua vizuizi vya kitanda pande zote mbili. Hatua ya pili: kuhakikisha vizuizi vimeinuliwa wakati wote.* Ulikuwa mpango wake mwenyewe, ila sasa ulikuwa ukisomwa na fundi wa baiskeli, na kwa mdomo wa fundi ulisikika jinsi ulivyokuwa.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mwanamke mmoja ambaye hakuna aliyemjua. Alikuwa na bakuli la chakula lililofungwa kwa kitambaa, akisubiri saa kumi ifike aingie kumwona mtu wake. Muda wote alikuwa kimya, akiinua macho kila ilipotolewa hukumu mpya. Sasa akageuka.

— Samahani jamani, mimi mpita njia tu. Huyo mzee mwenyewe anasema alikuwa anakwenda wapi?



Spana alimtazama Hakimu. Hakimu alimtazama Shangazi. Shangazi alikuwa ameinamisha birika, kahawa ikasimama kwenye mdomo wa birika kama nayo inafikiri.

— Swali hilo, Hakimu alisema hatimaye, halikuletwa kwa utaratibu.

— Lakini mmemuuliza? alisema mwanamke, kwa upole, kama anayeuliza njia.

Wote watatu wakamgeukia binti. Naye alikuwa akitazama ndani ya kikombe. Alikuwa amemuuliza Gia mambo mengi. Maumivu yako ni ngapi, sifuri mpaka kumi? Umelala vizuri? Kizunguzungu je? Alimbonyeza miguu kwa kidole gumba na kuhesabu shimo linachukua muda gani kujaa. Alimpima uzito kila asubuhi na kuuandika. Lakini siku zote tatu, alipomkuta na mguu nje ya kitanda, alichomwambia ni kimoja: Babu, rudi ulale.

Alimeza kahawa iliyobaki, akavuka barabara.

Gia alikuwa amelala chali akitazama feni isiyozunguka.

— Katoto ka Shangazi, alisema. Si umeshatoka? Umesahau nini?

Binti alivuta pazia la kitanda cha saba, akaleta stuli, akakaa karibu na mto. Hakujua aanze vipi, basi akaanza moja kwa moja.

— Babu, leo asubuhi ulikuwa unakwenda wapi?

— Nilikuwa nanyoosha miguu.

— Juu ya chuma?

Kitanda cha nane kikakohoa upande wa pili wa pazia, kikohozi cha mtu anayetega sikio. Binti akashusha sauti.

— Mimi niliogopa, Babu.

— Najua. Ulikuwa unatetemeka kuliko mimi.

Mzee alivuta shuka mpaka kidevuni, akaikunja ncha, akaikunjua. Kisha akasema kwa sauti ndogo, akiielekeza kwenye feni:

— Kile kidonge chenu cha asubuhi. Cheupe. Nakimeza saa mbili. Ikifika saa nne kimeshanishika, mwanangu, si mchezo, kama lori lililokatika breki mlimani. Kuna kopo chini ya kitanda, lakini nikiinama kulitafuta dunia inazunguka. Na kengele naiona, hii hapa. Nikiibonyeza, nani anakuja? Unakuja wewe. Nimekubeba begani wewe, ukanikojolea shati mbele za watu. Leo nikubonyezee kengele uje unishikie kopo? Afadhali nianguke.

Binti alikijua kidonge kile. Alikijua jina, kipimo na kazi yake ya kutoa maji mwilini. Kwenye mtihani alipata alama zote. Kila saa mbili asubuhi alimwekea Gia kiganjani yeye mwenyewe. Hakuwahi kuhesabu kutoka saa mbili hadi saa nne.

— Babu, alisema, siku ile nilipokukojolea, uliniangusha?

— Nikuangushe? Mtoto wa watu?

— Basi na mimi nikikuangusha nitawaambia nini?

Gia alicheka bila kutaka, tumbo likatikisa shuka. Kisha akajipangusa jicho moja kwa utepe wa mkononi.

— Na kama si mimi? binti aliendelea. Yule kaka mrefu wa zamu ya asubuhi. Aje kabla hujabanwa, usimwite wewe, aje mwenyewe. Akushike mkono mpaka chooni, mlango ufungwe.

— Yule mwenye mabega?

— Yule.

— Yule sawa, alisema Gia baada ya kufikiri. Yule anafaa kuwa utingo.

Jioni ile binti aliuandika mpango upya mezani kwa Shangazi, na safari hii mwandiko haukuwa mzuri kwa sababu mkono ulikuwa unakimbizana na akili. Aliandika kwamba hatari ya kuanguka haikutokana na miguu dhaifu peke yake, bali na haja inayokuja kwa kasi baada ya dawa, na mgonjwa anayeona haya kuita. Aliandika lengo ambalo mtu angeweza kulihesabu: kwa siku tatu, mgonjwa atakwenda chooni akisindikizwa, wala hatashuka kitandani peke yake hata mara moja. Asindikizwe saa tatu, tena saa tatu na nusu, na nesi wa kiume. Kopo liwe juu ya kimeza, upande wa mkono wake wa kulia. Kitanda kiteremshwe mpaka chini kabisa. Kandambili zinazoteleza zirudishwe nyumbani, aletewe viatu vya soli ya mpira. Akae kwanza ukingoni, kizunguzungu kipite, ndipo asimame.

Mkufunzi aliusoma amesimama koridoni, miwani imeshuka puani.

— Kizuizi cha upande wa kutokea umekishusha?

— Ndiyo, mwalimu. Alikuwa anakipanda.

— Na mwanzo hukujua hili la dawa?

— Dawa niliijua. Sikuwa nimemuuliza yeye.

— Nani kakufundisha kuuliza?

— Mama mmoja aliyekuwa anasubiri saa ya kuona wagonjwa.

Mkufunzi akasaini, akamrudishia faili.

— Taarifa yako ya tukio nimeisoma pia. Ule mstari wa mwisho ulikuwa mgumu kuandika. Endelea hivyo hivyo. Siku tatu zikiisha, nataka tathmini.

Siku ya kwanza ilikwenda kama maji mferejini. Kaka mrefu alikuja saa tatu, akaja saa tatu na nusu, na Gia akatembea koridoni na viatu vyake vipya akitoa maelekezo ya barabara. Siku ya pili kaka mrefu aliitwa upande wa pili kusaidia kumgeuza mgonjwa mzito, akachelewa. Binti alikuwa anapanga mashuka alipouona mguu wa Gia ukichungulia nje ya shuka. Alianza kukimbia, na kabla hajafika akasikia kengele.

Ililia mara moja, fupi, kama honi ya mtu mwenye adabu.

Mguu ulikuwa umerudi ndani. Gia alimwona amesimama njiani na shuka mkononi, akageuza uso ukutani.

— Mwite yule utingo, alisema.

Binti akamwita.

Kijiweni nako hakukuwa na amani. Kila alasiri alipotoka getini, walikuwa wamekwisha kujipanga.

— Ulimuuliza? alisema Spana.

— Nilimuuliza.

— Akasemaje?

— Akaniambia.

— Akakuambia nini?

— Akaniambia mimi.

— Huku ni kukataa kutoa ushahidi, alisema Hakimu. Maana yake jambo ni la juu. Nilisema mimi! Mkaguzi!

— Mkaguzi gani anaoga mafuta ya nywele? alisema Shangazi. Kama si mwanamke, huyu mtoto angeficha nini?

— Ambulensi tangu juzi inafungwa kwa mnyororo, Spana aliongeza kwa sauti ya mtu anayejua zaidi ya anavyosema. Mnyororo mpya kabisa. Kwa nini?

Kufikia siku ya nne Gia alikuwa mkaguzi mwenye mchumba wodi ya pili, aliyepanga kumtorosha kwa ambulensi, na tarehe ya harusi ilikuwa imekadiriwa. Binti alikunywa kahawa yake. Siku moja Shangazi alimnyima kabisa, apate kulegea. Alikunywa maji.

Siku ya tano Gia aliruhusiwa. Miguu ilikuwa imerudi kuwa miguu. Alivuka barabara na fimbo yake, binti ubavuni, begi la nguo mkononi mwa kaka mrefu, na benchi zima likasimama kumpokea kama aliyerudi kutoka vitani. Alikaa mahali pake. Wakamshika mikono, wakamshika mabega, Spana akainama kukagua soli za viatu. Kaka mrefu akaliweka begi chini, akaaga akarudi kazini.

— Sasa mshitakiwa, alisema Hakimu, akikunja mikono. Baraza limekaa. Kila siku, saa nne kamili, ulikuwa unakwenda wapi?

Gia alimtazama Hakimu, akamtazama Spana, akamtazama Shangazi. Kisha akamgeukia binti, ambaye alikuwa anafungua begi kutafuta karatasi ya dawa, uso ameuinamisha.

— Kwani hakuwaambia?

— Atuambie nani! alisema Shangazi. Siku tano tunamsaga. Mimi, shangazi yake wa damu, nimemnyima kahawa. Kanyamaza kama jiwe la kusagia.

— Hata kidogo?

— Hata robo ya neno, alisema Spana.

Gia alivua kofia. Aliishika magotini, akapitisha kidole kuzunguka ukingo wake, mara moja, mara mbili. Wakati huo Shangazi alikuwa amekwisha kumimina kikombe cha kwanza, kile kinachokwenda kwa mkubwa aliyerudi, akamnyooshea.

Gia hakukipokea.

— Mpe sista kwanza, alisema.

Maisha yake yote hapo mtaani binti alikuwa *katoto*. Aliinua macho kutoka kwenye begi, akataka kusema hapana, wakubwa kwanza; lakini mzee alikuwa akimtazama kwa namna isiyopingwa. Shangazi naye akasita, mkono hewani, kisha akaugeuza mkono. Binti akapokea kikombe, akapiga goti kidogo.

— Sawa, sista apewe, alisema Spana. Lakini ulikuwa unakwenda wapi?

Gia alivaa kofia yake, akaiweka sawa, akaegemea fimbo kama mtu ambaye ana siku nzima mbele yake na hakuna mahali pa kukimbilia.

Hakimu alifungua kinywa atoe methali. Aliipima moja, akaiacha. Akaipima ya pili. Mwishowe akakifunga, akanyoosha kikombe chake, akasubiri zamu.